Stesheni Isiyo na Reli

Hivi karibuni nilipita Nachingwea, nikamwomba kijana mmoja wa pikipiki anipeleke ilipokuwa stesheni ya garimoshi. Alicheka. Amezaliwa papo hapo, wala hakuwahi kusikia kwamba garimoshi lilipata kufika kwao.

Simlaumu. Reli ile ilidumu muda mfupi kuliko ndoa nyingi nilizofungisha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ambayo nchi yake ilipungukiwa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ili karanga za kusini zifike baharini ikajengwa reli, kwanza kutoka Mkwaya karibu na Lindi, kisha kutoka Mtwara. Karanga zenyewe hazikuja. Mpango ulifutwa Januari 1951, ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, shehena iliyokusudiwa ikiwa imekwisha kufa. Garimoshi likaendelea kupita na mizigo haba hadi mwaka 1962, likasimamishwa, na reli zikang'olewa.

Marehemu babu yangu alikuwa kibarua wa reli hiyo. Kazi ngumu hakuilalamikia kamwe. Kilichomuuma ni kwamba aliitwa kuijenga, na baada ya miaka michache akaitwa tena kuing'oa. Mataruma aliyoyapanga kwa mikono yake aliyachomoa kwa mikono ile ile. Alirudi kijijini na kipande cha reli chenye urefu wa mkono. Jinsi alivyokipata hakusema, nami kwa kuwa ni padre niliona heri nisiulize.

Kipande hicho kilitundikwa kwenye mwembe wa kigango, kikawa kengele yetu. Kwa sauti yake niliamka kwenda kutumikia Misa nikiwa mtoto.

Sasa kamati ya kigango imeniandikia. Wanataka kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, waongezee fedha za kengele halisi. Hoja zao ni za haki: chuma kimepata ufa, na ng'ambo ya mto hakisikiki tena. Wameomba ruhusa yangu kwa heshima, kwa sababu wanajua kilikuwa cha nani.

Barua hiyo iko mezani pangu tangu Kwaresima. Nilikwenda Nachingwea nikidhani nitapata jibu. Pale tuliposhuka kwenye pikipiki palikuwa na nyasi tu, na mbuzi wawili.