Mafunzo ya Likizo

Habari hii si ya kusifu, nasi twaiandika bila kumchukia mtu. Mwezi wa Juni 2024, shule zilipofungwa, tuliitwa kwenye mafunzo ya siku tano juu ya mtaala mpya, ule ulioanza kufundishwa Tanzania mwezi wa Januari mwaka huo. Pamba ilikuwa shambani ikingoja kuchumwa. Hata hivyo tuliondoka nyumbani kwa furaha, maana tulikuwa na swali.

Watoto wetu wengi wa darasa la pili wamelelewa kwa Kisukuma, na lugha hiyo haitenganishi l na r kama Kiswahili kitenganishavyo. Basi mtoto akikuta "karamu" husoma "kalamu"; "mahari" huwa "mahali", na "kura" huwa "kula". Asikiaye hudhani hajui kusoma, kumbe herufi aijua, ila sikio na ulimi havijazoea. Huandika vivyo hivyo, na akisahihishwa mara kumi mbele ya wenzake huiacha kalamu. Wawili wamekwisha kufika hapo. Tena sera ya elimu, toleo la 2023, imeweka shule ya msingi iwe ya miaka sita badala ya saba. Aliyekwama mapema hana siku nyingi za kujikwamua.

Mkufunzi alikuwa mtu mpole. Alionyesha kurasa ukutani kwa mashine, akazisoma, nazo ndizo zile zile tulizogawiwa asubuhi. Alitusomea kwamba mwalimu asiwe msemaji peke yake, wanafunzi watende na kuuliza. Akayasema hayo tangu saa tatu hata saa saba bila kupumzika. Siku ya kwanza tuliandika kila neno. Siku ya tatu jirani yetu alichora ng'ombe daftarini, na kwa kweli alikuwa ng'ombe mzuri. Siku ya nne tulisimama tukauliza habari ya l na r. Tukaambiwa swali litawekwa pamoja na mengine, lijibiwe mwisho. Mwisho ukafika, ukawa wa vyeti na kupigwa picha.

Uchovu haukutuuma. Kilichotuuma ni wale watoto wawili, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuwaahidi.

Tulipokuwa tukingoja gari, mama mmoja, mwalimu wa miaka mingi, alitukaribia. Akasema yeye huanza na sikio: huchora kalamu na karamu katika vipande viwili vya karatasi, hutamka moja, mtoto huonyesha kwa kidole, wala halazimishwi kusema. Baada ya siku kadhaa huwaacha wote waungurume kama pikipiki, rrr, mpaka ulimi utetemeke, ndipo huja ra, re, ri, ro, ru. Alikuwa angali akieleza, gari likapiga honi. Daftari letu lilikuwa limejaa, tukayaandika maneno yake nyuma ya cheti.