Maji ya Moto Tuliyoyachagua

Sisi ni mume na mke. Tunaishi Naivasha, na Mungu ametujalia watoto watatu. Mmoja wetu ni fundi katika mitambo ya umeme wa mvuke kule Olkaria, mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi. Tunaandika pamoja kwa sababu jambo tunalotaka kuwasimulia lilitupata pamoja, ingawa kwa miaka mingi kila mmoja wetu alilibeba peke yake.

Mwaka 2018 fundi alichaguliwa kwenda Aislandi, kisiwa kilicho kaskazini kabisa mwa bahari ya Atlantiki, kusomea jotoardhi, yaani joto litokalo chini ya ardhi. Mafunzo hayo ya miezi sita yalianza mwaka 1979, na Wakenya wengi wamepitia huko. Likizo ya Agosti ilipokaribia, tukaamua mwalimu aende kumtembelea kwa siku kumi. Nauli tuliikusanya kidogo kidogo: posho ya fundi, zamu ya mwalimu katika chama cha akina mama, na bei ya ndama mmoja. Watoto tuliwaacha kwa nyanya yao.

Aislandi ni nchi ya chemchemi za maji moto. Basi kwa wiki kadhaa, kila tukipigiana simu, tuliulizana: tutakwenda kuoga wapi? Pesa zetu zilitosha kiingilio cha mahali pamoja pa gharama, au mahali pawili patatu pa bei nafuu. Mtu angesema hilo ni jambo dogo. Kwetu halikuwa dogo, na sababu yake iko katika mkono wa binti yetu.

Sufuria sakafuni

Mwaka 2011 binti yetu alikuwa na umri wa miaka miwili. Jumamosi moja asubuhi, maji ya kuoga yalikuwa yamechemka. Mmoja wetu aliitua sufuria sakafuni akaenda kuchukua beseni. Mwingine alikuwa ametoka zamu ya usiku, ameambiwa amwangalie mtoto, na usingizi ukamchukua kitini. Mtoto akajikwaa, akaangukia sufuria kwa mkono wa kulia.

Jirani mmoja alikuja mbio na ute wa yai, mwingine na dawa ya meno. Nasi kwa kuchanganyikiwa tukapaka vyote viwili. Hospitalini muuguzi alichukua muda mrefu kuviosha, mtoto akilia hata sauti ikamkauka. Ndipo tulipoambiwa jambo ambalo kila mzazi angepaswa kulijua. Mtoto akiungua, mweke mara moja chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka, wala si barafu, kwa dakika 20. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi, mwende hospitali. Usipake kitu chochote.

Binti yetu alipona. Kovu likabaki, kutoka kiwiko hadi begani. Na kitu kingine kikabaki. "Wewe ndiye uliyeiweka chini." "Wewe ndiye uliyelala." Maneno hayo tuliyasema mara moja tu, usiku ule ule kwenye benchi la hospitali, kisha hatukuyarudia kamwe. Tuliendelea kuishi vizuri. Tulikula pamoja, tulisali pamoja, tukapata na mtoto mwingine. Lakini tangu siku hiyo mwalimu hakuweza kusimama karibu na maji yanayochemka bila kutetemeka, na fundi hakulala tena mchana, hata atoke zamu akiwa hoi.

Orodha ya fundi

Jambo la kwanza katika orodha aliyotuma fundi lilikuwa Blue Lagoon, bwawa mashuhuri lenye maji ya rangi ya samawati kama maziwa yaliyotiwa buluu. Alipoeleza asili yake, mwalimu aliangua kicheko. Kumbe maji yale si ya chemchemi! Ni maji yaliyokwisha kutumika katika mtambo wa Svartsengi, uliojengwa miaka ya 1970, yakatuama juu ya miamba ya volkano, na watu wakaanza kuyaoga wakaona yanafaa ngozi. "Baba, nivuke bahari zote hizo nikaoge maji ya Olkaria?" Maana hata kwetu Olkaria lipo bwawa la maji ya namna hiyo hiyo. Hata hivyo Blue Lagoon lilikuwa na sifa moja njema: joto lake halizidi sana lile la mwili wa binadamu. Ubaya ulikuwa bei.

La pili lilikuwa Reykjadalur, bonde lenye kijito cha moto karibu na mji wa Hveragerði, kilomita 45 hivi kutoka mji mkuu, Reykjavík. Huko hakuna kiingilio. Unapanda mlima kwa miguu zaidi ya kilomita tatu, kisha unachagua joto lako mwenyewe kwa kusogea juu au chini ya kijito. Lakini njiani kuna mashimo ya maji na matope yanayotokota. Mwalimu alikataa kabla fundi hajamaliza kueleza.

La tatu lilikuwa Deildartunguhver, chemchemi inayotoa lita 180 za maji kila sekunde, yakiwa na joto la nyuzi 97. Hiyo ni ya kutazama tu, na mabomba huyapeleka maji yake hadi mji wa Akranes, kilomita 64, kupasha nyumba joto. Fundi alitamani sana kuiona. Ya nne ilikuwa Strokkur, katika bonde la Geysir, ambayo kila baada ya dakika chache huyarusha maji juu kuliko nyumba ya ghorofa. Nayo ni ya kutazama.

Mwisho kabisa, kama mtu anayeongeza chumvi mezani, fundi alitaja mabwawa ya umma ya pale mjini. Yako katika mitaa mingi, yanapashwa joto na maji ya ardhini, na kiingilio chake ni kidogo.

Tulibishana. Kila alichotaja fundi, mwalimu alikitilia kasoro. Mwishowe fundi akachoka, akasema, "Mama, utaogopa maji mpaka lini?" Mwalimu alikuwa na jibu, akalimeza. Tukatakiana usiku mwema, na usiku huo hakuna aliyelala vizuri.

Barabara ya kufulia

Jambo la kwanza mwalimu aliloliona katika chumba cha fundi kule Reykjavík lilikuwa kitambaa chekundu. Kilifungwa kwenye bomba la maji moto. Maji ya bomba hilo hutoka ardhini yakiwa na harufu ya yai viza, nayo ni ya moto kiasi cha kumbabua mtu. Fundi hakusema kitu kuhusu kitambaa kile, wala mwalimu hakuuliza.

Siku ya pili tulitembea katika mtaa mkuu wa maduka, uitwao Laugavegur. Fundi alikuwa amekwisha kujua maana ya jina hilo: ni njia ya kwenda kwenye chemchemi za kufulia. Zamani wanawake wa mji ule walitembea kiasi cha kilomita tatu kwenda na tatu kurudi, wamebeba mgongoni nguo za nyumba nzima, hata wakati wa barafu, ili wakafulie kwenye maji yanayochemka yenyewe. Sisi tuliolelewa kwa kuchota maji mtoni, mzigo huo hatukuhitaji kuelezwa.

Tukaifuata njia hiyo hadi bonde la Laugardalur. Mahali penyewe bado papo, na karibu yake kuna sanamu ya mwanamke afuaye, kazi ya mchongaji Ásmundur Sveinsson. Juu ya mtaro wa zamani kuna vyuma vilivyopindwa kama upinde. Maelezo ya pale yalitueleza sababu yake. Wanawake waliinama juu ya maji yale, pengine gizani, pengine juu ya barafu, na wengine waliteleza wakaingia, wakafa kwa kuungua. Ndipo mwanzoni mwa karne ya 20 vikawekwa vyuma, ili mama aweze kuinama bila kuanguka.

Mwalimu alikishika chuma kimoja kwa mikono miwili, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Waliweka chuma. Sisi hatukuweka kitu."

Ilikuwa kweli. Miaka saba ilikuwa imepita, na jikoni kwetu sufuria bado ilikuwa ikituliwa sakafuni. Kubadili jambo lolote pale kungetulazimu kuitaja siku ile.

Fundi akasema, "Mama, nililala. Uliniambia nimwangalie, nikalala. Nimetaka kukuambia miaka yote hii."

"Nami niliiweka chini nikijua anatembea."

Tukalia pale pale, watu wazima wawili, katika bustani ya watu. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba hakukosa, maana tulikuwa tumekosa sote. Tulichoambiana ni kwamba tumesameheana, na tuliposema hivyo tuligundua kwamba msamaha ulikuwa umekuwapo muda mrefu, ila haukutamkwa.

Baadaye fundi, macho yakiwa bado mekundu, akarudia ufundi wake. Akaeleza kwamba mwaka 1930 maji ya bonde lile lile yaliingizwa katika bomba la kilomita tatu hadi mjini, yakapasha joto nyumba 60 hivi, pamoja na shule na hospitali. Njia ambayo wanawake walibebea mizigo, maji yenyewe sasa yakawafuata nyumbani.

Bwawa la jirani

Kutoka pale, bwawa kubwa la umma liko mwendo mfupi tu. Hatukubishana tena. Tukaingia.

Akina mama, kuna jambo moja mnapaswa kujua mapema. Kule kila mtu hutakiwa kuoga kwa sabuni, bila nguo yoyote, mbele ya wenzake, kabla ya kuvaa vazi la kuogelea. Picha ukutani zinaonyesha hata sehemu za kusugua. Wanawake huoga upande wao na wanaume upande wao, na sababu ni njema: dawa ya klorini wanatia kidogo, basi usafi unatoka kwa mwogaji mwenyewe. Mwalimu, aliyelelewa kutovua nguo hata mbele ya dada zake, alisimama mlangoni na taulo kama nguzo.

Bibi mmoja wa rika la mama yake alimwona. Bibi yule alikuwa na kovu refu la upasuaji tumboni, wala hakulificha. Akatabasamu, akamwonyesha kwa kidole kijichumba chenye pazia pembeni. Mwalimu akakitazama kijichumba, akamtazama bibi na kovu lake. Kisha akaingia kijichumbani hata hivyo! Lakini kovu lile hakulisahau.

Nje, kila birika la maji moto lina kibao cha joto lake: 38, 40, 42, 44. Fundi alikuwa akingoja katika lile la nyuzi 38. Mvua nyepesi ya baridi ilikuwa ikinyesha. Mwalimu alitia kidole, akatia mguu, kisha akaketi, maji yakamfika mabegani. Hakutetemeka.

Tuliyojifunza

Mkipata nafasi ya safari kama hiyo, ulizeni kwanza kama chemchemi ni ya kuoga au ya kutazama, na maji yana joto gani. Kwenye chemchemi zinazochemka, msitoke nje ya njia iliyowekwa, maana ardhi inaweza kuwa nyembamba, na mkono wa mtoto usiachwe hata kwa picha moja. Hivyo hivyo hapa kwetu kwenye ziwa Bogoria, ambako watu huchemsha mayai katika maji yale. Mama mjamzito, na mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo, amwone daktari kwanza, maana joto kali si salama kwake. Kaeni ndani muda mfupi na mnywe maji ya kutosha. Na wanaokusudia kwenda Blue Lagoon wapate habari za karibuni, kwa kuwa tangu mwishoni mwa mwaka 2023 volkano imelipuka mara kadhaa karibu na hapo, na bwawa limefungwa na kufunguliwa tena mara nyingi.

Fundi aliporudi nyumbani, kabla hata ya kufungua masanduku yote, alijenga jukwaa la saruji la kuwekea jiko na sufuria, juu ya kimo cha mtoto, na kigeti cha mbao mlangoni pa jikoni. Kazi ya siku mbili. Ilikuwa imetungoja miaka saba.

Naye binti yetu, aliyekuwa akivaa mikono mirefu hata wakati wa joto, tulimketisha kati yetu tukamwambia ukweli wote wa siku ile, nani aliweka na nani alilala. Akatusikiliza. Kisha mwalimu akamsimulia habari za bibi wa bwawani. "Hakulificha?" akauliza. Hakulificha. Akanyamaza, akaenda kucheza.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Jumapili iliyofuata binti yetu alitoka chumbani amevaa gauni la mikono mifupi, akatuuliza kama tuko tayari kwenda kanisani.