Kompyuta Iliponyamaza Embu

Msomaji, kompyuta yangu ya mapajani ilinyamaza nikiwa Embu, na kesho yake nilitarajiwa Meru. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu baba, ambayo mama hakuwa ameisikia tangu tulipomzika. Fundi mmoja mjini alitaka kubadilisha spika, tena kwa bei ya mbuzi mzima! Mpwa wangu, mwanafunzi, akacheka.

"Tia visikizio kwanza, mjomba."

Sauti ikaja. Kumbe kadi ya sauti ilikuwa nzima. Akafungua alsamixer, programu ya Linux. Chini ya nguzo ya spika paliandikwa MM, yaani imezibwa. Akabonyeza M, ikawa 00, akaipandisha kwa mshale. Baba akakohoa kabla ya kusema, kama kawaida yake.

Huko Meru, mama aliniomba nirudie kikohozi hicho mara tatu.