Randa na Lenzi Wakati wa Mapumziko

Mimi ni bwana shamba katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Tabora. Umri wangu ni miaka 46. Nina cheti cha kilimo. Mchana natembelea mashamba ya wakulima. Jioni, kazi ikiisha, nina mambo mawili ninayoyapenda. La kwanza ni useremala wa nyumbani. La pili ni kupiga picha za vitu vidogo sana, kama wadudu, mbegu na ukungu wa majani.

Watu wengine hunicheka. Mama watoto aliwahi kuniambia, "Wenzako wanapiga picha za harusi. Wewe unapiga picha za siafu!"

Leo nataka kuwaeleza jinsi mambo haya mawili yalivyokutana. Yalikutana kwa sababu ya kosa langu.

KOSA LANGU

Mwaka 2014 bibi mmoja aliniita nyumbani kwake. Alikuwa amevuna mahindi ya kutosha magunia 8. Aliyaweka kwenye kihenge bila kuyapukuchua. Nilipofika niliona unga mwingi chini ya kihenge.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, bwana shamba. Njoo uone. Scania ameingia."

Nilichukua mdudu mmoja, nikamweka kiganjani. Siku ile nilikuwa na haraka. Nikasema, "Bibi, hawa ni fukusi tu." Nikamwelekeza anunue dawa ya fukusi.

Bibi akasema, "Fukusi namjua, mwanangu. Huyu siye."

Mimi nikatabasamu. Nilijiona nina cheti, naye hana.

Baada ya miezi miwili nilirudi. Mahindi mazuri yaliyobaki hayakuzidi magunia 3. Mengine yalikuwa unga na maganda matupu. Bibi alikuwa na wajukuu wanne wanaomtegemea. Mvua zilikuwa bado hazijanyesha. Hakunigombeza. Alinipa kigoda nikae. Ndugu wasomaji, kigoda kile kilikuwa kigumu kukalia.

Mwaka ule bibi aliuza mbuzi wake ili wajukuu wale. Mimi nilimpelekea gunia moja kutoka nyumbani kwangu. Lakini gunia moja halifuti kosa.

NGUZO YA KIHENGE

Siku ile niliona jambo jingine. Nguzo moja ya kihenge ilikuwa na matundu madogo. Chini yake palikuwa na unga wa mti. Mimi ni seremala wa jioni. Unga wa msumeno naujua. Lakini nguzo ile haikuguswa na msumeno.

Niliomba kipande cha nguzo ile. Niliomba pia punje chache zilizoharibika. Nikaenda navyo nyumbani.

Usiku nilikipasua kipande kile kwa patasi. Ndani mlikuwa na wadudu wadogo, wenye urefu wa milimita 3 au 4. Nilikuwa na lenzi ya mkono, ile ya kukuzia vitu. Niliiweka mbele ya kamera ya simu yangu. Nikapiga picha ya mdudu wa kwenye mti. Kisha nikapiga picha ya mdudu wa kwenye mahindi. Nikazitazama picha zote mbili.

Alikuwa mdudu yule yule. Naye hakuwa fukusi.

Fukusi ana mdomo mrefu uliochomoza mbele, kama mkonga wa tembo. Mdudu wangu hakuwa na mdomo huo. Kichwa chake kilikuwa kimeinama chini. Ukimtazama kutoka juu, kichwa hukioni. Nyuma yake ni bapa, kana kwamba amekatwa kwa msumeno. Huyo ni dumuzi.

Asili ya dumuzi ni Amerika ya Kati. Hapa nchini aligunduliwa Tabora, mkoani kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu wa hapa walimwita Scania, kwa jina la lori kubwa. Leo yuko katika nchi nyingi za Afrika. Bibi alianza kupambana naye mimi nikiwa mtoto mdogo. Alimjua kwa jina. Mimi ndiye niliyekuwa simjui.

Tena dumuzi haishi ndani ya mahindi tu. Huishi pia ndani ya miti mikavu. Kwa hiyo, mkulima akiweka mahindi mapya katika kihenge chenye nguzo za zamani, adui huwa yuko tayari nyumbani.

NILIRUDI KWA BIBI

Asubuhi yake nilirudi nikiwa na simu mkononi. Nilimwonyesha picha ya fukusi na picha ya dumuzi. Nikamwambia, "Bibi, wewe ulisema kweli. Mimi nilikosa."

Alizitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akacheka. "Kumbe hata wewe bado unasoma," akasema.

"Ndiyo, bibi. Bado nasoma."

Tulipanga pamoja mambo ya kufanya. Nguzo zilizoliwa tulizitoa tukazichoma moto. Kihenge tulikifagia. Mavuno yaliyofuata aliyakausha vizuri, akayapukuchua mapema. Dawa inayofaa fukusi peke yake haimwezi dumuzi vizuri. Kwa hiyo alitumia dawa ya unga yenye mchanganyiko wa aina mbili, moja ya fukusi na nyingine ya dumuzi. Alimwita mjukuu wake asome kipimo kwenye pakiti, nao wakakifuata. Mwaka 2015 mahindi yake yalifika mpaka mvua za mwaka mwingine.

JINSI NINAVYOPIGA PICHA

Tangu wakati ule sikuacha kupiga picha hizi. Lakini mkono hutikisika. Kitu kidogo kikikuzwa, hata kutikisika kidogo huonekana kukubwa, na picha hufifia. Hapo useremala ulinisaidia.

Nilichukua kibao cha mninga, bakaa la meza niliyokuwa nimetengeneza. Nilitoboa tundu kwa keekee, nikaiweka lenzi ndani ya tundu. Kibao nikakitia miguu minne. Simu hulala juu ya kibao, kamera yake ikitazama chini kupitia lenzi.

Lenzi yangu hukuza mara 10. Inataka kitu kiwe karibu sentimita 2 na nusu chini yake. Kikiwa mbali zaidi, picha hufifia. Kikiwa karibu zaidi, hufifia pia. Miguu ya kwanza niliikata vibaya mara tatu! Sasa nimepata njia rahisi. Miguu naiacha mirefu kidogo. Mdudu namweka juu ya karatasi. Kisha naongeza karatasi moja moja chini yake, mpaka aonekane vizuri.

Mwanga ni muhimu. Napenda jua la asubuhi linalotoka upande mmoja. Upande wa pili nasimamisha karatasi nyeupe ili irudishe mwanga. Asubuhi wadudu wana baridi, hawaruki upesi. Kando ya mdudu naweka rula, ili anayetazama ajue ukubwa wake halisi.

FURAHA YAKE

Siwezi kusema kwamba nafanya haya kwa ajili ya kazi tu. Nayafanya kwa sababu yananifurahisha. Nikipiga randa, maranda ya mninga hujikunja na kutoa harufu nzuri. Watoto huyaokota wakachezea. Bega huchoka, lakini akili hupumzika. Nimetengeneza vigoda, rafu ya vitabu na mizinga miwili ya nyuki.

Na picha hunionyesha mambo niliyoyapita kila siku bila kuyaona. Nyuki ana nywele hata machoni. Bawa la kipepeo limepangwa magamba madogo, kama vigae juu ya paa. Mambo haya yote yako nyuma ya nyumba yangu.

Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi waliingia nchini kwetu. Nilipiga picha ya kiwavi mmoja. Kichwani alikuwa na alama kama herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia alikuwa na madoa manne meusi, yaliyopangwa kama pembe nne za meza. Niliionyesha picha hiyo katika mkutano wa kijiji. Bibi alikuwepo, amekaa mstari wa mbele. Wakulima walijua alama za kutafuta. Waliokagua mashamba mapema walimwona kabla hajaingia ndani ya moyo wa mhindi.

Ndugu wasomaji, si lazima kila mtu awe na lenzi au randa. Lakini wakati wa mapumziko ni mali. Tafuta kazi ndogo ya mikono unayoipenda, uifanye kwa utulivu. Huwezi kujua lini itakusaidia.

Na ukiwa mtaalamu kama mimi, tazama mara mbili kabla ya kusema. Mkulima akikuambia, "Huyu siye," keti chini umsikilize.

Kigoda cha bibi kilikuwa kimelegea mguu. Nimemtengenezea kingine, cha mninga. Nikienda kwake, hicho ndicho anachonipa nikalie.