Nikon Iliyomaliza Kazi kwa Mwenzangu

Kamera iliyotumika huchunguzwa kwa masikio kwanza. Aliyeniuzia Nikon D90 yangu mwaka 2015, mpiga picha wa harusi aliyekuwa ameshanunua mpya yenye sensa kubwa, alitaka nione jinsi kioo cha nyuma kilivyokuwa hakina hata mkwaruzo. Mimi nilimwomba azime feni ili nisikilize shata. Ilipiga kavu, na kila pigo lilifanana na lililotangulia. Nikapiga picha moja ya ukuta, nikaenda nayo kwenye kompyuta ya jirani, nikaifungua kwa programu ya ExifTool inayosoma maandishi yaliyofichwa ndani ya faili. Shata ilikuwa imepiga mara elfu arobaini na kitu. Nikon waliijaribu shata ya D90 hadi mapigo 100,000. Basi ilikuwa mashine ya makamo, bado na nguvu zake. Nikalipa.

D90 ilitoka mwaka 2008, na ndiyo kamera ya kwanza ya aina ya DSLR iliyoweza kurekodi video. Sifa hiyo haikunisaidia sana, maana video yake ya ubora wa juu hukatika kila baada ya dakika tano, na hotuba moja tu ya msemaji wa upande wa bibi harusi kwenye kwanjula, sherehe ya Waganda ya kutambulisha wachumba, hupita hapo kwa mbali. Kilichonivuta ni kitu kisichoandikwa kwenye matangazo: ina mota ya kufokasi ndani ya bodi. D3000 na D5000, ndugu zake wa bei nafuu, hawana. Maana yake ni kwamba lenzi kuukuu za Nikon zinazotegemea mota hiyo, ambazo kwenye maduka ya vitu vilivyotumika mjini Kampala hukaa miezi bila mnunuzi, kwenye D90 huamka na kufanya kazi. Muuzaji alinitupia ya milimita 50 kama nyongeza, kwa kuwa haivuti kitu cha mbali. Kwangu mimi lenzi hiyo ilikuwa nusu ya thamani ya biashara nzima.

Kazi nilikuwa nimeshaijua. Nilijifunzia Bukoba, kwenye studio ya mjomba, enzi za filamu. Tulipiga, tukapeleka filamu Mwanza kwa meli zikasafishwe, tukangoja. Mara nyingi picha zilirudi na mashati yakiwa na kila mkunjo wake, lakini nyuso zetu zote zimekuwa kiza kimoja, hata mama hamtofautishi na shangazi. Mjomba alilaumu jua. Baadaye sana nilisoma kwamba kwa miongo mingi maabara za picha duniani zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Niliumia niliposoma hayo, na naumia bado. Watu walivaa vizuri, wakalipa, wakakaa wima mbele ya mjomba wangu, na sura zao hazikufika kwenye karatasi. Nilipovuka mpaka wa Mutukula kuja Uganda kutafuta maisha, hilo ndilo nililotaka kulitengeneza.

Chumba changu kipo Bwaise, Kampala, mwendo mfupi kutoka barabara ya Bombo: bati juu, ukuta wa chokaa, mlango mmoja, dirisha halipo. Humo ndimo tulimozoeana na D90, na ilinichukua muda kuielewa. Mita ya kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya pamoja, ni kijivu. Mteja akikaa mbele ya chokaa, mita huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso unazama. Uso ukijaza fremu, hufanya kinyume: huongeza mwanga mpaka mtu mweusi tii anatoka na rangi ambayo watoto wake hawaijui. D90 ina tabia yake juu ya hayo, kwani hesabu yake husikiliza mno ile nukta inayofokasi. Ukiisogeza nukta kutoka shavuni kwenda kwenye gauni jeupe la gomesi, picha inabadilika kabisa na mteja hajatikisika.

Kwa hiyo niliiondoa kwenye otomatiki. Naiweka kwenye M, yaani naipanga kwa mkono, napima paji la uso peke yake, kisha napunguza kama stopu moja ili weusi ubaki weusi wenye mng'ao wake. Kufokasi natumia nukta ya katikati, maana kati ya nukta zake 11 ni hiyo tu inayosoma mistari ya wima na ya ulalo. Zile za pembeni, kwenye kiza cha chumba kile, hutafutatafuta tu. Na ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, siipandishi zaidi ya 800 kama naweza kukwepa, kwa sababu ikifika 1600 vichembe huanza kuota kwenye vivuli, chini ya macho na shingoni. Kamera za leo hupiga gizani bila kulalamika. Hii ilinilazimisha nimsogeze mteja. Namkalisha karibu na mlango, ubavu, na upande wa pili nasimamisha karatasi ya manila nyeupe irudishe mwanga kwenye shavu la kivulini. Nasema bila kusita kwamba picha zangu bora za nyuso zimetoka kwenye mpango huo, nao unagharimu pesa ya chai tu.

Mwili wake una uzee wake. Mpira wa nyuma, pale kidole gumba kinapokaa, ulivimba ukaanza kubanduka. Huo ni ugonjwa unaojulikana wa D90, na gundi ya fundi viatu iliutuliza. Betri za bandia nilizikataa zilipoanza kufura. Adui mkubwa ni unyevu. Bwaise imejengwa juu ya kilichokuwa kinamasi, maji ya mfereji wa Nsooba hupita kuelekea Lubigi, na mvua ikizidi hurudi majumbani. Lenzi ikikaa hewani hapa huota kuvu ndani, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Yangu inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ndoo inaning'inia juu, karibu na bati.

Ni mafuriko hayo yaliyonipa kazi ninayoiheshimu kuliko zote. Maji yakipungua, watu huanika magodoro, kisha huja na albamu. Bibi mmoja Mnubi, mzaliwa wa Bombo, alileta fremu aliyoifunga kwenye leso. Ndani alikuwa baba yake, amesimama na sare ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni ambalo Wanubi wengi wa Uganda walilitumikia. Maji yalikuwa yameingia, karatasi imekauka ikinata kwenye kioo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nitolee huyu humo ndani, lakini usimchubue."

Sikumtoa. Niliifuta fremu kwa nje, nikailaza mezani, nikapanga taa mbili ubavuni, kila moja imeinama, ili mng'ao wa kioo usirudi kwenye lenzi. Kamera niliivika kitambaa cheusi, ikabaki lenzi ya milimita 50 tu ikichungulia, nikapiga kupitia kioo kilekile. Kwenye skrini nilikuza: vifungo vya sare, mshono wa kola, kovu dogo juu ya nyusi. Bibi aliinama, akaliona kovu, akasema alilisahau. D90 inatoa picha ya pikseli 4,288 kwa 2,848. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapita ukubwa wa A4. Kwa ukuta wa nyumba ya bibi yule, hiyo ni kubwa ya kutosha, na sura ya baba yake ilisomeka.

Shata yangu imeshapita zile 100,000 na bado inapiga. Wewe mwenye picha ya wazee iliyoloa, nakuomba usiivute. Kama imenata kwenye kioo, iache hapohapo na uipeleke kwa mpiga picha aliye karibu nawe, ainakili ikiwa ndani ya fremu yake. Kama ni picha za maabara zilizogandana na bado mbichi, ziloweke kwenye maji safi ya baridi, huweza kuachana zenyewe polepole, kisha zilaze uso juu kivulini. Zilizochapwa kwa printa ya wino usizitie majini. Na usisubiri mpiga picha mwenye kamera ya kisasa. Hata hii ya 2008 inaweza.