Aliyempa Mangwana Cha Kuimba

Mwulize mtu wa rika langu hapa Buhigwe nani aliimba "Mabele", atakujibu papo hapo: Sam Mangwana. Mwulize wimbo ni wa nani, atasema ni wa Franco, maana jina la Franco na bendi yake ya Kinshasa, TPOK Jazz, ndilo lililotangulia redioni na ndilo lililoandikwa juu ya sahani ya santuri. Lakini Franco hakuutunga, wala Mangwana hakuutunga. Mtunzi alikuwa amekaa kando na gitaa la rithim, kinywa kimefumba, mwenzake akiuimba. Jina lake Lutumba Simaro. Kizazi chetu kimezeeka na nyimbo zake mdomoni, na wengi wetu hatukumjua. Naona usahaulifu huo unatueleza sisi kuliko unavyomweleza yeye.

Vijana wakumbuke mambo yalivyokuwa. Buhigwe haikuwa wilaya. Mpaka mwaka 2012 tulihesabiwa ndani ya Kasulu. Dar es Salaam ilikuwa mbali, reli iko chini Kigoma mjini, na usiku stesheni za ng'ambo ya ziwa zilisikika kwetu kama vile ziko kijiji cha jirani. Redio ilikuwa moja kwa nyumba nyingi, na mawe yake yalikuwa ghali. Yakichoka, mama alikuwa akiyatoa asubuhi na kuyaanika juu ya ungo pamoja na maharage, ili jioni yapate nguvu ya nyimbo mbili tatu. Kwa mawe yaliyoanikwa jua ndivyo tulivyompokea Simaro, bila kujua tumempokea nani.

Alizaliwa mwaka 1938 na akaingia OK Jazz, ndiyo hiyo TPOK Jazz, mwaka 1961. Humo alikaa mpaka Franco alipofariki, Oktoba 1989. Bendi ile ilikuwa ya Franco, na Franco mwenyewe alikuwa mpiga gitaa ambaye watu walivuka mipaka kumtazama. Mtu mwingine angeona hapo hakuna nafasi ya pili, akaondoka. Simaro alibaki, akashika rithim, akasimamia bendi mkubwa wake anaposafiri, na akatunga. Kinshasa walimwita mshairi, na hawakumpendelea, kwani maneno yake hayakuishia kwenye mapenzi ya kubembelezana. "Mabele", ya mwaka 1974, ni wimbo wa mtu anayefikiri juu ya kuishi na kufa. Wengi wetu Kilingala tulikiokota vipande vipande, lakini hata asiyeelewa neno alinyamaza ulipopigwa.

Kilichonishangaza nilipokuja kumjua ni jinsi alivyochagua koo. Hakuwa mwimbaji, kwa hiyo kila wimbo alipaswa kuutafutia mwenyewe wa kuubeba. Mangwana aliingia bendi ile mwaka 1972, na Simaro akamkabidhi "Ebale ya Zaire", kisha "Mabele". Sauti ya Mangwana iko wazi na haina haraka. Hutamka neno mpaka mwisho wake, na maneno mazito yanahitaji mtamkaji wa namna hiyo. Miaka kumi baadaye, Mangwana akiwa amekwisha kwenda zake, Simaro alitoa "Maya" mwaka 1984, akampa Carlyto Lassa, na jina la Carlyto likapaa. Kumpa mwenzako wimbo wako bora, ukijua kesho mtaani utaitwa wimbo wake, ni kazi inayotaka moyo mpana. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Vidole vya Simaro vilikuwa vyema, ila pete zilikwenda kooni kwa wengine.

Kiti hicho cha rithim nakijua kidogo. Ujanani tulikuwa na kikundi chetu, magitaa tumeyatengeneza wenyewe kwa galoni za mafuta na mbao, nyuzi tumezichomoa kwenye waya za breki za baiskeli. Kila mmoja alitaka solo, na aliyekosa solo alitaka kuimba. Rithim aliachiwa aliyechelewa kufika. Lakini jioni ambayo kijana wa rithim hakuja, hapakuwa na muziki. Solo ilikimbia peke yake, mwimbaji hakujua aingie wapi, na wachezaji walisimama wakitazamana. Rithim haisikiki mpaka ikosekane.

Hapa nyumbani mambo hayakuwa mbali na hayo. Mwenzetu wa Kigoma, Shem Karenga, aliyekuwa na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, alikuwa mpiga gitaa na mtunzi. "Dada Asha" ni kazi yake. Wimbo ulipigwa harusini nchi nzima, na wengi walioucheza hawakujua kwamba mtunzi ni wa kwao. Alifariki Desemba 2014. Dar es Salaam nako, Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, mtunzi alileta maneno mazoezini, wenzake wakatafuta sehemu zao mmoja mmoja, solo, rithim, besi, matarumbeta, mpaka wimbo ukasimama. Michael Enoch, aliyepiga solo Dar es Salaam Jazz miaka ya sitini, alikuwa kiongozi na mwalimu wa kazi hiyo. Mtaani tuliongea juu ya sauti za waimbaji wao, Gurumo na Bichuka, tu.

Utaratibu ule ulikuwa na baraka yake. Bendi nyingi zilikuwa za jumuiya na mashirika ya umma: NUTA, Urafiki, Bima, Polisi, Jeshi. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, mshahara ulitoka mwisho wa mwezi, na wimbo ulihesabiwa kuwa wa bendi. Hakuna aliyekimbilia jina lake kwanza, ndiyo maana zile nyimbo zina subira ambayo siku hizi siisikii. Lakini baraka hiyo ililipiwa. Mpiga gitaa alipotoka kwenye bendi, gitaa alilirudisha stoo. Aliondoka na vidole vyake tu.

Nasema ni jambo la kizazi kwa sababu hatukuwatendea hivyo wanamuziki peke yao. Babu na baba zetu wa Kasulu na Kibondo walikwenda manamba kukata mkonge Tanga na Morogoro. Wenye mashamba waliunda SILABU mwaka 1944 kuwakusanya watu wa mikoa ya mbali kama wetu na kuwasafirisha. Mwanzoni mwa miaka ya sitini nchi hii ilitoa zaidi ya tani laki mbili za mkonge kwa mwaka, hakuna nchi iliyotupita duniani. Shuleni tuliimba sifa za zao hilo na za viongozi waliolisimamia. Waliolikata waliitwa kwa namba, na kwa namba walizikwa huko. Tulilelewa hivyo: anayesimama mbele ana jina, anayeshikilia nyuma ni "wenzake". Tulipokuja kusikiliza muziki, sikio lilikuwa limekwisha kufundishwa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ikazaliwa kwayo. Salum Abdallah alikuwa amekufa tangu 1965, Mbaraka Mwinshehe tangu 1979, Marijani Rajabu tangu 1995. Hao tunawakumbuka kwa sababu waliimba. Waliowapigia hata orodha yao kamili sijaiona. Simaro alijaliwa umri: alifariki Paris, Machi 2019, akiwa na miaka 81, na kabla ya hapo aliiongoza Bana OK, iliyoundwa na waliobaki baada ya Franco. Alipata kusikia akiitwa mtunzi. Wengi wa hapa kwetu hawakuwahi.

Wazee wenzangu wananikasirikia nikisema vijana wametuzidi hapa, lakini nasema. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika wakatoa "Leka Dutigite": Diamond, Ali Kiba, Mwasiti, Linex na wengine, kila mmoja kwa sauti yake na jina lake, na Kiha, lugha yetu, kikasikika mijini bila kuona haya. Sikiliza pia nyimbo zao za kawaida. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, unasikia jina la mtayarishaji au la studio limepachikwa mwanzoni. Wazee huona ni majivuno. Mimi naona huyo ni mtu wa nyuma aliyekataa kusahauliwa. Laiti Simaro angeweka jina lake hivyo mwanzoni mwa "Mabele", tusingebishana leo.

Ila nao wana deni lao. Mtayarishaji na mwimbaji siku hizi wanaweza kumaliza wimbo bila kukutana, na gitaa likatoka kwenye kompyuta. Simaro alijua koo la Mangwana kwa sababu walikuwa bendi moja, mazoezi kwa mazoezi. Ujuzi huo hautumwi kwa simu. Anayetaka kumtungia mwenzake wimbo wa kudumu miaka hamsini atalazimika kukaa naye, amsikie akikohoa, akicheka na akikosea.

Kwa watangazaji wa redio za Kigoma nina ombi moja, na halina gharama. Mkipiga wimbo wa zamani, tajeni mtunzi na wapigaji kabla ya mwimbaji. Msipowajua, waulizeni wazee wa Ujiji, Kasulu na Manyovu wangali hai. Nasi wazee tuache kusimulia bendi kwa majina ya waimbaji tu. Mjukuu akikuuliza nani aliimba, mjibu, kisha mwambie na nani alitunga na nani alipiga, hata kama hakuuliza.