Kushindwa Si Kuachwa

Msomaji mpenzi, sina budi kuanza kwa kuungama kosa. Nilipokuwa mwanafunzi nilipenda mpira kwa moyo wa bendera: upepo ulikoelekea, nami nilielekea huko. Timu iliyotwaa kombe mwaka huu ilikuwa yangu. Iliposhindwa mwaka uliofuata, niliikana mbele ya wenzangu nikatafuta nyingine. Nilijiona mwerevu, kwa maana sikuchekwa kamwe siku ya Jumatatu. Historia ya klabu moja ya Uholanzi ndiyo iliyonitia haya, na leo nataka kukusimulia.

Klabu hiyo huitwa Feyenoord, na maskani yake ni Rotterdam, mji wenye bandari kubwa. Mto umeukata mji huo pande mbili. Upande wa kusini ndiko walikokaa makuli na mafundi wa meli, ambao wengi wao walikuwa wameacha mashamba ya majimbo ya Zeeland na Brabant ili kutafuta kazi bandarini. Huko, katika mkahawa mmoja, vijana waliunda timu yao mwezi wa Julai, 1908. Ilianza kwa jina la Wilhelmina, na mwaka 1912 ikachukua jina la mtaa wao. Ubingwa wa kwanza wa taifa iliupata mwaka 1924.

Mwaka 1937 klabu hii ya watu wa jasho ilifungua uwanja wa kupokea watazamaji zaidi ya 60,000. Ghorofa ya juu ya viti ilijengwa pasipo nguzo za kuzuia macho, hata aliyekaa nyuma kabisa akaweza kuuona mchezo wote. Watu waliuita De Kuip, maana yake Beseni. Miaka mitatu baadaye, tarehe 14 Mei 1940, ndege za Ujerumani ziliushambulia mji kwa mabomu. Watu zaidi ya 800 walikufa, kiasi cha 80,000 wakakosa makao, na kitovu cha mji kikawa majivu. Uwanja ulisalimika. Ishike tarehe hiyo, msomaji, maana tutairudia.

Mwaka 1963 Feyenoord ilifika nusu fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Mchezo wa marudiano ulikuwa Lisbon, Ureno, dhidi ya Benfica. Wapenzi wake walijaza meli mbili wakavuka bahari kwenda kuitazama. Timu ilishindwa kwa mabao 3 kwa 1, na safari ya kurudi ikawa ndefu kuliko ya kwenda. Lakini tarehe 6 Mei 1970, mjini Milan, Feyenoord ilikutana na Celtic ya Uskoti katika fainali. Celtic ilitangulia kufunga. Nahodha Rinus Israël akasawazisha. Na zilipobaki dakika chache tu za muda wa nyongeza, Ove Kindvall, mtu wa Sweden, alifunga bao la ushindi. Hapana klabu ya Uholanzi iliyokuwa imewahi kulitwaa kombe hilo kabla yake.

Nisikufiche upande wa pili. Mapenzi yasiyo na hatamu ni farasi mwenye wazimu. Ubingwa ulipopatikana mwaka 1999, sherehe mjini ziligeuka ghasia, na polisi wakafyatua risasi. Uaminifu wa kweli hauvunji duka la mtu asiye na kosa. Usidhani, basi, kwamba nakusifia kila avaaye fulana ya klabu hii.

Baada ya hapo kikaja kipindi cha dhiki. Madeni yaliilemea klabu, na wachezaji bora waliuzwa. Tarehe 24 Oktoba 2010 ilikwenda Eindhoven kucheza na PSV ikafungwa mabao 10 kwa 0. Jaribu kuiwaza Jumatatu iliyofuata! Lau mimi wa siku zile ningalikuwa mkazi wa Rotterdam, ningaliificha fulana yangu chini ya godoro. Msimu huo klabu ilimaliza katika nafasi ya 10. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Msimu uliofuata, kwa kuwategemea zaidi vijana iliowalea yenyewe, ilipanda hadi nafasi ya 2.

Mwezi wa Mei, 2017, ilibakiza ushindi mmoja tu iwe bingwa. Ilicheza na Excelsior, jirani yake mdogo wa mji uleule, ikafungwa mabao 3 kwa 0. Juma moja baadaye, Beseni likajaa tena. Kabla dakika ya kwanza haijatimia, Dirk Kuyt, mzee wa timu mwenye umri wa miaka 36, alikuwa amekwisha kufunga. Alifunga mabao yote 3, Heracles ikapata 1, na kiu ya miaka 18 ikakatwa. Siku yenyewe ilikuwa tarehe 14 Mei. Mwaka 2023 ubingwa ulirudi tena, na tarehe ilikuwa 14 Mei vilevile.

Sisemi kwamba kombe hulipa majivu. Hakuna kombe lenye thamani hiyo. Nasema kwamba aliyebaki siku ya mabao 10 aliijua furaha ya mwaka 2017 kwa namna ambayo mimi, mfuata upepo, nisingaliweza kuijua. Mimi ningaliliona kombe tu. Yeye aliiona njia yote.

Pengine wewe huupendi mpira. Hata hivyo, unaye rafiki aliyeanguka katika mtihani, na Jumatatu atapita uwanjani peke yake. Je, utamwita aje mkae pamoja, au utajifanya humjui? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki huja kwa kila mtu kwa zamu yake.

Siku hizi nina timu moja tu. Hushindwa mara kwa mara, nami nikachekwa. Nimegundua kwamba kicheko hakiui, na kwamba siku ikishinda, ushindi ule huwa na mimi ndani yake.